Usinunue difu kabla hujashika propela

Barua nyingi za safari hii zina jambo moja: pikapu iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, haivuti mbele, na mwenye gari tayari amesimama kwenye yadi ya magari yaliyokatwa, hela mkononi. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ukiielewa hiyo, nusu ya zilizobaki umeshazijibu mwenyewe.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina pikapu ya dizeli ya kubebea mazao, nimeinunua kwa mtu. Ina leva ndogo ya kuchagua magurudumu yanayovuta: H2 (mawili ya nyuma), H4 (yote manne), N (nyutro) na L4 (yote manne kwa gia nzito). Nikiingiza H4, taa ya kijani ya 4WD, yaani ya kuvuta kwa magurudumu manne, inapepesa tu, haitulii. Kwenye matope tairi za nyuma zinachimba, za mbele zimesimama. Fundi wangu anasema transfa, ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa. Kuna mahali wanakata gari la aina hiyohiyo, wananiuzia transfa na difu ya mbele kwa pamoja. Wananiambia niwahi, kuna mwingine anazitaka. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue bado, na huyo mwingine mwache azichukue. Transfa husingiziwa sana kwa sababu ni kubwa na hakuna anayeiona ndani, lakini dalili ulizoandika hazielekei huko.

Fuata njia ya nguvu. Inatoka giaboksi, inaingia transfa, transfa inaipeleka propela (mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari) ya nyuma na, ukiingiza H4, propela ya mbele pia. Propela ya mbele inazungusha difu, difu inazungusha ekseli. Halafu kuna kiungo ambacho wengi hukisahau: mahali ambapo ekseli ya mbele inaunganishwa na kuachanishwa, ili gari likiwa H2 difu na propela ya mbele zisizunguke bure. Kwenye magari ya zamani kazi hiyo ilifanywa na habu za kugeuza kwa mkono pale gurudumuni. Kwenye mengi yaliyofuata inafanywa na uma mdogo ulio ndani ya ubavu wa difu, unaosukumwa na kikopo cha vakyumu (mvuto wa hewa) au mota ya umeme. Toyota huuita mfumo huu ADD. Uma ukishaingia, swichi iliyo pale kwenye difu inapeleka habari kwenye dashibodi na taa inatulia. Taa yako inapepesa maana yake leva imeagiza, na difu haijajibu.

Hakikisha kwa mikono yako. Zima injini, toa ufunguo, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uweke kabari mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Leva iwe H2. Ingia chini, shika propela ya mbele, izungushe. Inatakiwa izunguke kwa wepesi. Sasa mwambie mwenzako aingize H4 huku wewe ukiitikisa propela taratibu, maana meno ya ndani hayaingii mpaka yakutane. Utasikia "tak". Jaribu kuizungusha tena. Ikigoma kabisa, imeshikwa na propela ya nyuma ambayo tairi zake ziko chini. Transfa imefanya kazi yake. Ikiendelea kuzunguka kama mwanzo, hapo fundi wako ana hoja, ingawa hata hapo ningeangalia kwanza fito za leva na bushi zake, kwa sababu zikilika leva inafika mwisho wakati uma wa ndani ya transfa haujafika.

Mimi naamini propela yako itagoma. Kwa hiyo endelea mbele. Injini bado imezimwa, H4 bado imeingia. Inua gurudumu moja la mbele, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Kwenye ubavu wa difu utaona kikopo chenye mipira miwili myembamba: mmoja wa kuunganisha, mmoja wa kuachanisha. Ichomoe yote miwili, uiwekee alama. Chukua pampu ndogo ya mkono ya vakyumu, ile wanayotumia kutoa hewa kwenye breki. Huna, tafuta sirinji kubwa na kipande cha mpira: unavuta, unaminya mpira kwa koleo, unatoa hewa, unavuta tena. Vuta kwenye tundu la kwanza huku unazungusha gurudumu polepole. Hakuna kitu? Hamia tundu la pili. Gurudumu likidaka ghafla na kukataa kuzunguka, kila kitu chenye meno kwenye gari lako ni kizima, na tatizo liko kwenye hewa au umeme.

Vakyumu ikikataa kukaa, ukivuta inarudi palepale, ngozi ya mpira ndani ya kikopo imepasuka. Hicho kikopo ndicho cha kununua, na hakuna kingine. Vakyumu ikikaa vizuri lakini gurudumu halidaki, uma umeganda kwa kutu. Fungua nati ya kumwagia oili ya difu uangalie rangi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yaliingia, mara nyingi kwa kupitia mpira wa kupumulia uliokatika. Difu ya moto ikizama kwenye maji ya baridi hewa ya ndani hunywea, na maji hufyonzwa popote penye upenyo.

Kama gurudumu limedaka, washa injini ukiwa umeshashusha gari, chomoa mpira mkubwa unaoleta vakyumu na uweke kidole gumba. Uking'ang'aniwa, vakyumu ipo. Dizeli za aina hii hazipati vakyumu kutoka kwenye injini yenyewe kama petroli. Zina pampu, mara nyingi nyuma ya oltaneta, na pampu hiyohiyo ndiyo inayolisha busta ya breki. Kwa hiyo kama siku hizi pedali ya breki imekuwa ngumu, acha habari ya 4WD, shughulikia pampu kwanza, na usibebe mzigo mpaka ipone. Vakyumu ikiwepo, angalia zile solenoidi (vali za umeme zinazoelekeza vakyumu) mbili ndogo kwenye chumba cha injini. Fungua swichi bila kuwasha, mwenzako aingize H4, wewe zishike kwa vidole: inayofanya kazi utaisikia ikigonga. Isiyogonga pima kama volti 12 zinafika kwenye soketi yake. Zikifika, solenoidi imekufa. Zisipofika, fuata waya, anza na fyuzi. Angalia pia kama fundi aliyepita alibadilishana mipira miwili, maana hapo gari linafanya kinyume: H2 inaunganisha, H4 inaachanisha.

Baada ya hapo nenda yadi, ukijua unachotaka. Omba kibati chote chenye solenoidi mbili na mipira yake, na kikopo pamoja na swichi yake. Wakukatie waya na soketi, urefu wa kiganja, kwa sababu soketi ya zamani ikivunjika kishikio hutaipata peke yake. Jaribu kikopo palepale kwa pampu yako kabla ya kulipa. Mipira usiichukue ya mtumba isipokuwa kama mfano wa jinsi ilivyopita. Mpira uliokaa kwenye joto la injini ya mtu mwingine umeshazeeka. Huo ndio msimamo wangu kwa kila kitu: chuma cha mtumba nachukua, tena kwa furaha, lakini mpira, sili na gasketi nanunua vipya.

Nina sababu nyingine ya kukuzuia kuchukua ile difu, na hii imeharibu transfa nzima nyingi. Magari mawili ya jina moja, umbo moja, mwaka mmoja, yanaweza kuwa na difu zenye hesabu tofauti. Moja ina krauni (gia kubwa ya difu) ya meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 10, yaani 4.10. Nyingine 43 kwa 10, yaani 4.30. Kwa nje zinafanana hata rangi. Sasa fikiria nyuma una 4.10 na mbele umefunga 4.30. Propela zote mbili zinazunguka sawa, kwa sababu transfa imezifunga pamoja. Zikizunguka mara 1,000, tairi za nyuma zimezunguka karibu mara 244, za mbele karibu mara 233. Kwa tairi yenye mzunguko wa mita 2.2, nyuma wamekwenda kama mita 537 na mbele wanataka kwenda 512. Mita 25 za ubishi ndani ya nusu kilomita! Kwenye matope tairi zitateleza na hutajua. Kwenye ardhi kavu kitu kitakatika: mnyororo wa transfa, krosi (kiungo kinachokunjika) ya propela, au meno ya difu yenyewe.

Kuijua hesabu ya gari lako si kazi. Gari za Toyota huandika alama ya ekseli kwenye kibati cha utambulisho, penye A/TM au TRANS/AXLE. Alama ya gari lililokatwa ifanane na yako herufi kwa herufi. Kama kibati hakipo, inua gurudumu moja la nyuma, jingine likae chini na kabari, magurudumu ya mbele yawe na kabari pande zote, H2, giaboksi nyutro, breki ya mkono imeachiwa. Chora mstari kwa chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako anahesabu propela. Ikizunguka 41, una 4.10, ikizunguka 43, una 4.30. Nimesema 20 na si 2 kwa sababu tofauti ya mizunguko miwili inaonekana, ya moja ya tano ya mzunguko haionekani. Difu iliyolala chini yadini, mwambie muuzaji afungue: idadi ya meno mara nyingi imegongwa kwenye krauni, na kama haipo hesabu kwa kidole. Asiyekubali kufungua, mwachie difu yake. Tofauti ya sehemu ya mia, kama 3.54 mbele na 3.55 nyuma, isikutishe. Viwanda vingine hutoa hivyo makusudi.

SWALI: Fundi, nikipanda mlima na mzigo kwenye L4 chini kunapiga "kah, kah" kama nyundo na gari linashtuka. Nikirudi H2 kimya. Leva haichomoki kwenye gia. Nibadilishe nini?

JIBU: Kama leva haichomoki na kelele iko kwenye 4WD peke yake, nashuku mnyororo wa transfa. Transfa nyingi zina mnyororo unaopeleka nguvu propela ya mbele tu, ndiyo maana H2 haulii. Ukishavutika unaruka meno pale mzigo unapozidi. Lakini kabla hujashusha transfa tikisa propela ya mbele kwa nguvu uone krosi zake, na kama gari lina habu za mbele zifungue uziangalie, kwa sababu habu iliyolika huruka kwa mlio uleule. Habu ni kazi ya saa moja. Transfa ni kazi ya siku.

Ikiwa ni mnyororo, usinunue mnyororo wa mtumba. Umevutika kama wako, hujui kiasi gani tu. Nunua mpya, na ukague meno ya sproketi (gia zinazobeba mnyororo), yakichongoka nayo hayafai. Au chukua transfa nzima kutoka gari lililokatwa. Ukichagua hilo, hesabu meno ya shafti ya kuingilia. Transfa ya NP231, iliyofungwa kwenye Jeep nyingi, ilitoka na meno 21 na ikatoka na meno 23, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Gari la automatiki na la gia za mkono vilevile linaweza kutofautiana hapo. Angalia upande ambao propela ya mbele inatokea, kulia au kushoto, angalia mahali pa kebo au sensa ya spidi, angalia urefu wa mkia.

Kisha kagua afya yake. Ingiza kila gia kwa mkono na uzungushe shafti. Shika flenji ya mbele uicheze mbele na nyuma: uhuru mdogo sawa, lakini ukisikia mnyororo unapiga ganda la alumini, iache. Mwaga oili kidogo kiganjani. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ya nati ni la kawaida. Vipande unavyovihisi kwa ukucha si vya kawaida. Vipande vya plastiki ni pedi za uma, na transfa iliyokula pedi zake ndiyo inayoanza kuchomoka gia.

Na kabla haijapanda kwenye gari, badilisha sili zote ikiwa mezani. Sili ya shafti ya kuingilia ikivuja, oili ya giaboksi huhamia kwenye transfa bila tone kuonekana chini. Oili weka ile ambayo kitabu cha gari kinasema. Transfa nyingi za mnyororo hutumia ATF, ile nyekundu ya automatiki, nyingine hutumia oili ya gia, na kubahatisha hapa ni kuua kitu ambacho umetoka kukinunua.

SWALI: Gari langu ni la kuingiza 4WD kwa kuzungusha swichi kwenye dashibodi. Mota ya transfa ilikufa, nimefunga ya mtumba. Sasa inaunguruma, inakwenda na kurudi, halafu taa inapepesa. Muuzaji anaapa kuwa ni nzima.

JIBU: Inawezekana kabisa anasema kweli. Ndani ya mota hiyo kuna sensa inayoiambia kompyuta shafti iko wapi. Wewe umefunga mota iliyokuwa, tuseme, kwenye L4, juu ya transfa iliyokuwa kwenye H2. Kompyuta inasoma kitu kimoja, chuma kiko kwingine, inatafuta haipati. Fungua mota uitoe kwenye transfa. Geuza shafti ya transfa kwa spana, taratibu, mpaka ifike H2. Utahisi inakaa kwenye kila gia, na propela ya mbele itakuwa huru kuzunguka. Halafu mota iliyo mezani irudishe kwenye H2. Njia salama ni kuichomeka kwenye soketi ya gari bila kuifunga, kufungua swichi na kuchagua H2, mikono ikiwa mbali na sehemu inayozunguka. Ikishatulia ifunge ikiwa hivyohivyo, usilazimishe kwa bolti. Kama haikai yenyewe, bado haijalingana.

Ikiendelea kutafuta baada ya hapo, linganisha namba ya spea na ya zamani, kwa sababu kuna mota zinazofanana ganda huku sensa zikiwa tofauti. Pima na betri pia. Betri dhaifu huifanya mota isimame njiani.

Nyinyi mnaokwenda kununua mota hizi, fungeni safari na mkanda wa karatasi na kalamu. Mwulize anayekata gari lilikuwa kwenye gia gani, mwandike juu ya mota kabla haijafunguliwa. Kesho yake hakuna atakayekumbuka.

SWALI: Nilitoka shambani nikaingia lami nikiwa bado H4. Baada ya kona kadhaa usukani ukawa mzito na leva ikakataa kabisa kutoka. Nimevunja kitu? Nitafute transfa?

JIBU: Tulia, bado hujavunja. Kwenye kona tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma, na kwenye lami haziwezi kuteleza kufidia tofauti hiyo. Nguvu inajikunja ndani ya shafti na kuyabana meno ya leva. Rudi kinyumenyume kwa mstari ulionyooka mita chache huku unavuta leva taratibu. Itaachia. Ikigoma, inua gurudumu moja la mbele kwa uangalifu, utaona linajigeuza lenyewe kidogo, na mkazo umekwisha. Weka mikono mbali wakati huo.

Ikiwa inakutokea hata kwenye njia iliyonyooka, pima tairi. Zungushia kila moja utepe katikati ya kashata zake (meno ya tairi), zikiwa na upepo sawa. Tairi mbili mpya nyuma na mbili zilizolika mbele zinaleta ubishi uleule wa difu zisizolingana niliomweleza mwenzako wa kwanza, na hapo hakuna spea itakayokusaidia zaidi ya tairi.

SWALI: Ekseli ya mbele inalia "ka-ka-ka" nikikata kona. Bora ya mtumba ya kampuni ileile au mpya ya bei rahisi?

JIBU: Ya mtumba iliyotoka na gari, kama buti zake (mipira inayofunika viungo) hazijapasuka na grisi ndani bado laini. Ishike mkononi, ikunje kila upande huku unaizungusha. Ikikwama mahali au ikigonga, rudisha. Kagua meno ya mwisho yasiwe yamelika, hesabu idadi yake, pima urefu sambamba na ya kwako, na kama gari lina breki za ABS hakikisha pete yake ya meno ipo. Kisha vua buti, safisha, weka grisi mpya ya joint, funga buti mpya na klipu mpya. Sili ya difu upande huo badilisha ukiwa umeshafungua, na jaza oili iliyomwagika kabla hujashusha gari.